NILIAMBIWA NINA 'DUDE' NDANI YA SHAVU, NUSURA NG'OMBE WA MAMA AUZWE!

Mpenzi msomaji, wiki hii sina habari ya mapenzi wala ya nani kamwacha nani. Wale mnaosubiri mwisho wa kisa cha mpangaji na mke wa mwenye nyumba vuteni subira, kitakuja. Leo nina mkasa wangu mwenyewe, tena wa kichwani, na nikisema kichwani simaanishi mawazo. Namaanisha ndani kabisa, nyuma ya shavu la kulia, mahali ambapo hata sikujua kama kuna chumba.

Ilianza hivi. Mimi naishi Shirimatunda, hapa hapa Moshi, chumba kimoja cha kupanga, choo cha nje. Kwa kuwa makala hizi hazilipi kodi (mhariri asinune), siku za gulio nashika mitumba Kiboriloni. Anayeijua mitumba anajua: ukikata belo, vumbi linalotoka humo si la nchi hii. Utapiga chafya mpaka wateja wakuhurumie. Kwa hiyo mimi mwaka mzima nilikuwa mtu wa mafua. Baridi la mwezi wa saba, mafua. Vumbi la mwezi wa tisa, mafua. Mchumba wangu akanibatiza jina la Bomba Bovu, maana linavuja tu.

Siku moja maumivu yakahamia shavuni. Nikiinama kufunga kamba za viatu, shavu linakuwa zito kama limejazwa mchanga. Na gego la juu, upande ule ule, likaanza kugonga usiku. Pale kijiweni kila mshikaji akageuka daktari. Huyu anasema ni jino, yule anasema nimechezewa na jamaa wa meza ya pili anayenionea gere, wa tatu akaniambia nijifukize. Tangu ule mwaka 2020 wa korona, kujifukiza kumekuwa dawa ya kila kitu mpaka kudaiwa kodi. Nikajifunika blanketi, nikajifukiza malimao, mchaichai na mwarobaini hadi ngozi ya pua ikachubuka. Shavu liko pale pale.

Nikaona isiwe tabu, nikaenda kupima. Kituo chenyewe jina kapuni. Nikapigwa picha ya eksirei ya uso, nimebandika kidevu kwenye ubao kama mtu anayechungulia uani kwa jirani. Baada ya robo saa akatoka kijana mmoja kashika ile filamu, akaielekeza dirishani, akaniambia pale pale koridoni, hata kiti hakunipa: "Bro, humu kuna uvimbe. Itabidi ukatwe. Nenda kajipange."

Basi, hiyo ndiyo ripoti yangu yote. Uvimbe gani, wa aina gani, hakusema. Karatasi ya daktari hakuna. Nikatoka nje na bahasha ya kaki, miguu haina nguvu. Nikaitoa filamu niiangalie kwenye jua. Na kweli bwana! Upande mmoja wa uso kuna weusi mtupu chini ya jicho. Upande wa pili, ndani ya ule weusi, kuna kitu kimekaa chini, cheupe, kimeviringika kwa juu, kama Kibo inavyochomoza asubuhi. Nikajisemea, mwanangu, hapa umekwisha.

MNUNUZI KAFIKA NA KAMBA

Habari mbaya haisubiri daladala. Nilimwambia dada yangu mmoja tu, tena kwa siri, na saa moja usiku mama kule Kibosho mlimani akanipigia simu analia.

Msomaji, ili uelewe lazima nikwambie kuhusu ng'ombe wa mama. Ni mmoja, wa maziwa, anafugwa ndani kama ilivyo desturi ya kwetu, halishwi kwa kuzungushwa. Majani mama anayafuata chini tambarare na kuyapandisha kwa kichwa. Kwa maziwa ya ng'ombe huyo na wa kabla yake tumesoma watoto watatu, mimi nikiwa yule aliyeishia kidato cha nne. Mama hana duka, hana mashine, hana akaunti. Ana kihamba, na ana ng'ombe.

Jumapili nikapanda. Nimefika uani nakuta mwanaume simjui, kamshika ng'ombe mdomo anamkagua meno, kamba mpya begani. Mama kasimama pembeni kwenye migomba, mkononi amekunja noti.

"Shikamoo mama. Kuna nini hapa?"

"Marahaba mwanangu. Nimepokea kishika uchumba cha ng'ombe."

"Mama! Unamuuza?"

"Ng'ombe hununuliwa," akasema, hata hakuniangalia. "Wewe nitakununua gulio gani?"

Nilishindwa kujibu. Shangazi naye alikuwepo, na shangazi yangu haendi popote bila mfano. Akaanza kusimulia mama mmoja wa kule juu aliyekatwa uvimbe wa uso akarudi kapoteza jicho. Wanajumuiya walishapanga zamu ya sala. Nilikuwa bado natembea, nakula mtori kama kawaida, lakini macho ya watu yalishanizika.

Aliyeniokoa ni mjomba, mzee aliyefanya kazi miaka mingi hospitalini kabla ya kustaafu. Aliichukua filamu, akaiangalia, akanirudishia. "Mimi si msomaji wa picha," alisema, "na aliyekwambia ukatwe sijui kama ni msomaji pia. Nenda KCMC ukaonane na madaktari wa masikio, pua na koo. Ng'ombe asubiri." Mnunuzi akakubali wiki mbili, ila kishika uchumba akamwachia mama, mjanja yule, ili asimpe mwingine.

KUMBE KICHWANI KUNA VYUMBA

KCMC mnaijua, ile hospitali ya rufaa ya kanda iliyofunguliwa Machi 1971 hapo juu ya mji. Kutoka Shirimatunda ni magari mawili, moja hadi mjini, la pili linapanda. Nilifika saa moja asubuhi, nikakuta foleni ya tangu alfajiri.

Daktari alinimulika puani, akanibonyeza shavu, akagonga meno yangu moja moja kwa kishikio cha chuma, kama mama anayechagua chungu sokoni. Kisha maswali. Unaona vitu viwiliviwili? Hapana. Shavu au mdomo wa juu una ganzi? Hapana. Damu inatoka tundu moja la pua? Hapana. Meno yanalegea? Jicho limesogea? Uso umevimba kwa nje? Hapana, hapana, hapana. Kila nikisema hapana nilikuwa naona moyo unashuka kutoka kooni kurudi kifuani.

Halafu akanipa darasa, na mimi nawapeni nanyi bure. Mifupa ya uso si mizito kama tofali. Ina vyumba vya hewa ambavyo wenyewe wanaviita sainasi. Viko jozi nne: kwenye paji la uso, katikati ya macho, nyuma kabisa katikati ya kichwa, na kwenye mashavu. Vya mashavuni ndivyo vikubwa kuliko vyote, kwa mtu mzima kimoja kinaingiza kama kijiko kimoja kikubwa cha mezani. Vyote vimepakwa ngozi laini inayotengeneza ute, na juu ya ngozi hiyo kuna vinyweleo visivyoonekana kwa macho vinavyousukuma ute kwenda mlangoni, utoke puani.

Sasa sikiliza kituko. Mlango wa chumba cha shavu hauko chini, uko juu karibu na dari! Fundi wa nyumba akikujengea bafu namna hiyo utamfukuza. Ndiyo maana ukipata mafua, ngozi ikavimba na mlango ukaziba, uchafu unabaki humo humo, na ukiinama unahisi mchanga. Na sakafu ya chumba hicho inakaa juu ya mizizi ya magego ya juu. Hivyo jino bovu linaweza kumwaga ugonjwa chumbani, na chumba kikiugua, jino zima kabisa linaweza kuuma. Nilikumbuka marafiki wawili waliong'olewa meno kwa mafua.

Na lile dude? Daktari akasema vifuko vya majimaji humo ndani viko vya namna nyingi, na kuviweka vyote kwenye fungu moja la "uvimbe" ndilo kosa lenyewe.

Kuna kifuko cha ute, ambacho hutokea pale kitezi kidogo kwenye ile ngozi kinapoziba, ute ukakusanyika kama lengelenge. Hicho hukaa kimya miaka, hakisukumi mfupa, wakati mwingine hunywea chenyewe. Watu wanakutwa nacho wakipigwa picha kwa sababu nyingine, kaanguka na pikipiki au anatengeneza meno. Kwenye tafiti mbalimbali hukutwa kwa watu wachache hadi zaidi ya kumi katika kila mia. Maana yake, kwenye daladala moja iliyojaa ya kwenda Majengo huenda yumo mwenzangu na hajui.

Kuna kifuko cha jino, kinachoanzia kwenye ncha ya mzizi wa jino lililokufa, kikakua taratibu na kuinua sakafu ya chumba. Kingine kinakaa kwenye kichwa cha jino ambalo halijaota. Kwenye picha unaliona jino lenyewe limo ndani, kama kifaranga kwenye yai. Hivi havipotei kwa dawa ya kunywa wala ya kufukiza.

Na kuna kile cha hatari zaidi ya vyote hivyo, ambapo mlango wa chumba umeziba kabisa, na chumba chote kinageuka kuwa kifuko. Ute unaongezeka, hauna pa kutokea, unasukuma kuta. Mfupa unapungua unene mwaka hadi mwaka mpaka unakuwa karatasi, halafu unatoboka. Hupenda zaidi vyumba vya paji la uso na vya katikati ya macho, na jirani wa vyumba hivyo ni jicho na ubongo.

Bado sijasema uvimbe usio wa maji. Huo una mambo yake, na Afrika Mashariki tuna historia nao: ni Mulago, Kampala, ambako daktari Denis Burkitt aliona watoto wenye uvimbe wa mataya unaokua haraka mno, akauandika mwaka 1958, na saratani hiyo inaitwa kwa jina lake hadi leo. Taya la mtoto likivimba kwa wiki chache, usiende kijiweni kuuliza.

"Sasa cha kwangu ni kipi?" nikauliza.

"Kwa filamu hii nadhani ni kile cha kwanza," akasema. "Lakini eksirei ya kawaida ni kama kuwapanga watu watano mbele ya taa ukaangalia kivuli chao ukutani. Mfupa wa mbele, wa nyuma, meno, vyote vinalaliana. Wewe umeshaambiwa ukatwe, na jino linakuuma. Nataka nione kuta."

Akaniandikia sitiskani.

FUNDI UMEME ALIYEIONA PICHA YA VIPANDE

Bei yake ilikuwa sawa na kodi yangu ya miezi minne. Bima sikuwa nayo, nilikuwa najiona kijana. Niliuza simu yangu nzuri, nikabaki na ya tochi, mchumba akachangia, mjomba akatuma. Ng'ombe hakuguswa.

Nikiwa nasubiri zamu nilikuwa na wasiwasi wa mashine, kwa hiyo baadaye nilitafuta habari zake. Eksirei iligunduliwa na Mjerumani Wilhelm Röntgen tarehe 8 Novemba 1895, na moja ya picha zake za mwanzo ni mkono wa mkewe, mifupa na pete. Kwa miaka zaidi ya 70 dunia iliishi na vivuli hivyo vinavyolaliana. Halafu akaja Mwingereza Godfrey Hounsfield, fundi wa umeme aliyesoma chuo cha ufundi bila digrii ya chuo kikuu, akifanya kazi kampuni ya EMI, hiyo hiyo iliyokuwa ikitoa santuri za Beatles. Wazo lake: piga eksirei kutoka pembe nyingi kuzunguka kichwa, kisha kompyuta ikokotoe kila kipande kina nini, upate picha ya kichwa kama umekata mkate slesi. Hesabu za jambo hilo zilikuwa zimeshapigwa na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliyeanza kulifikiria mwaka 1956 akifanya kazi ya muda katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Mwaka 1979 wote wawili wakapewa Nobeli ya tiba.

Mgonjwa wa kwanza aliingizwa kwenye mashine ya Hounsfield tarehe 1 Oktoba 1971 huko London, mwanamke aliyedhaniwa ana uvimbe kichwani. Picha ikaonyesha nini? Kifuko, duara jeusi ndani ya ubongo! Yaani mashine hii na kifuko wamejuana tangu siku ya kwanza, na mwaka wenyewe ni ule ule KCMC ilipofunguliwa. Mimi wa kidato cha nne nilimpenda sana huyu Hounsfield. Hata vipimo vya picha hizo vimepewa jina lake: maji ni sifuri, hewa ni elfu moja chini ya sifuri, mfupa mgumu unakaribia elfu moja juu. Kompyuta haikisii kwa rangi, inasoma namba. Kifuko cha maji kinasomeka karibu na maji, ingawa ute wa zamani uliokauka unaweza kudanganya ukaonekana mzito.

Zamu yangu ikafika. Nikavua mkufu, nikalala kwenye kitanda chembamba kinachoteleza kuingia kwenye duara kama tairi kubwa la lori. Hakuna kufungiwa, pande zote mbili unaona mwanga. Nikaambiwa nisimeze mate. Ikavuma, ikanyamaza. Nilidhani wanajaribu mitambo, kumbe wamemaliza. Sindano sikuchomwa, kwa vyumba vya pua mara nyingi haihitajiki. Ila mjue, mionzi ya sitiskani ni mingi kuliko ya eksirei moja, na mwenye mimba lazima aseme mapema. Si kipimo cha kukimbilia kwa kila mafua.

KINYOZI WA MIWANI MEUSI

Pale benchi nikakutana na kinyozi wangu wa Shirimatunda. Jamaa huyu mtaani anajulikana kwa miwani meusi. Mchana miwani, usiku miwani, akikunyoa kavaa miwani. Sisi tulimwona sharobaro. Wasichana walimpenda kwa hilo.

Alipoivua pale hospitali ndipo nikaelewa. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeshuka na kusogea nje, haliko sawa na mwenzake, na kwenye kona ya ndani, kati ya jicho na pua, kuna kinundu. Akaniruhusu niandike, jina tu nisitaje. Miaka sita nyuma alianguka na bodaboda akapasuka juu ya pua. Akashonwa, akapona. Halafu taratibu, kwenye kioo chake mwenyewe cha kazini, akaanza kuona macho hayalingani. Fikiria, mtu anayeshinda mbele ya kioo! Akanunua miwani. Miaka miwili alizunguka. Kafukizwa, kachanjwa chale, kaambiwa ni shemeji kamroga, wakagombana na shemeji ambaye hadi leo hawasalimiani. Hakuna aliyempiga picha.

Tulikaa naye siku ya majibu. Aliifungua yake kwanza, na yule mtaalamu alikuwa na moyo wa kueleza. Kwenye kioo cha kompyuta mfupa ni mstari mweupe. Kwa kinyozi, upande wa kulia mstari unaotenganisha chumba cha hewa na jicho upo, mwembamba lakini upo. Upande wa kushoto unatembea, unapinda kuelekea jicho, halafu unakatika. Hakuna. Mahali pa ukuta pamekaa duara la kijivu, linasukuma jicho kama mtu anayejitengea kiti kwenye daladala. Ule mlango ulioharibiwa na ajali ulikuwa umeziba tangu siku ile. Akaambiwa atapigwa na picha ya mashine ya sumaku, isiyotumia mionzi, ambayo ni hodari kwa vitu laini, ili waone kama kifuko kimegusa utando wa ubongo. Kisha upasuaji, tena bila kuchelewa.

Kinyozi hakusema kitu. Alivaa miwani yake akainama. Mimi nilikuwa nafikiria koridoni kule, "itabidi ukatwe". Mwenye haki ya kuambiwa maneno hayo miaka miwili iliyopita alikuwa huyu, nikaambiwa mimi.

"TAZAMA UKUTA"

Halafu wakafungua yangu. Nilifumba macho, sikatai.

"Fumbua, kijana. Usiangalie uvimbe, tazama ukuta."

Nikatazama. Mstari mweupe ulizunguka chumba changu chote cha shavu, mbele, nyuma, juu chini ya jicho, sakafuni juu ya meno. Haujapinda, haujaliwa, haujakatika. Ndani yake, sakafuni, kilima changu kimelala, laini, na hewa nyeusi juu yake. Akanionyesha namba, iko karibu na ya maji. Akanionyesha mizizi ya magego, hakuna hata mmoja ambao kifuko kimeanzia. Na kama yangekuwa maji yaliyotuama tu, akasema, yangechora mstari ulionyooka kama chai kwenye glasi. Hiki kimechora kilima.

"Una Kibo," akacheka. "Ingekuwa Mawenzi, kingo zimeliwa na zina meno meno, tungeongea lugha nyingine. Lakini hata Kibo laini ningeiogopa kama ingesukuma ukuta. Hii haisukumi."

"Kwa hiyo nakatwa lini?"

"Unakatwa nini? Kaa nacho. Hakijakukosea."

Yale maumivu yalikuwa ya mafua ya mzio yaliyoziba mlango, na gego lilikuwa na tundu la kuzibwa kwa mtaalamu wa meno, mambo mawili tofauti kabisa na kifuko. Nikapewa dawa ya kupuliza puani, nikafundishwa kusafisha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, nikaambiwa nivae barakoa nikifungua belo. Nisirudie picha bila sababu. Nirudi mbio kama jicho litasogea, nikaona viwiliviwili, ganzi ikaingia shavuni, damu ikatoka tundu moja, au uso ukavimba.

Nilikwenda tena kwenye kile kituo cha kwanza, sikwenda kugombana, nilitaka kujua. Yule kijana ni mpigaji wa picha, na picha yake, mwenyewe daktari wa KCMC alikiri, ilikuwa safi. Ila kuisoma na kutoa hukumu haikuwa kazi yake. Ripoti huandikwa na daktari wa picha, ikawekwa sahihi, ukapewa mkononi. Mimi sikuidai kwa sababu sikujua kama ipo. Nilipomwambia kilichotokea alikaa kimya kidogo, akasema, "Daktari wetu huwa anakuja Alhamisi, bro. Na wewe ulikuja Jumatatu." Hilo lilinikasirisha kuliko kama angenitukana. Kwa siku hizo tatu ng'ombe angekuwa machinjioni.

Kinyozi naye walipitia puani na kijibomba chenye kamera, wakafungua kile kifuko kimwagike puani kinakotakiwa kumwagikia. Hakuna kovu usoni. Jicho limerudi taratibu, si lote kwa siku moja. Juzi nilikwenda kunyoa, hana miwani. Nikamuuliza shemeji je? Akasema anatafuta namna ya kuanza.

Mnunuzi wa ng'ombe ndiye aliyekuwa kazi. Mama alishatumia sehemu ya kishika uchumba, katoa mchango wa jumuiya wa kuniombea! Jamaa akaja na kamba yake, akadai ng'ombe au fedha. Ilibidi nilipe kwa mafungu, mitumba miwili ya jinsi ilikwenda humo. Wiki iliyopita ng'ombe kazaa, jike.

Bahasha ya picha zangu sinayo. Mama kaichukua, kaiweka kabatini pamoja na vyeti vya ubatizo. Akija mgeni anaitoa, anaielekeza dirishani, anaonyesha kwa kidole: "Mnaona ukuta? Mzima." Shangazi anaikamata kichwa chini.

Haya, wiki ijayo tunarudi kwa mpangaji na mke wa mwenye nyumba. Mume karudi safari bila kutoa taarifa.